Vifaa vya Kuoshea na Kung'arishia Gari kwa Bajeti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye gari la kawaida lililotumika Japani kabla ya kufika bandarini, anayeishi Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani, asiye na gereji nyumbani wala mashine ya presha, lakini angependa gari lake ling'ae bila kuumiza mfuko wake wala rangi yenyewe.

Kwa nini ninunue vifaa vyangu ilhali vijana wa kuosha magari wako kila kona?

Vijana hao wanafanya kazi halali na wengi wao wana bidii. Tatizo halimo katika mikono yao, bali katika kitambaa na ndoo wanayotumia. Sponji iliyotoka kusugua pikapu yenye tope la shambani huchovywa katika ndoo ileile, kisha hupitishwa juu ya boneti ya gari lako ikiwa imebeba chembe za mchanga. Chembe hizo hukwaruza rangi, na mikwaruzo yake ni myembamba mno kiasi kwamba bila mwanga mkali wa moja kwa moja huwezi kuiona kwa urahisi.

Mimi mwenyewe sikuhitaji hata kijana wa kuosha gari ili niharibu rangi yangu. Nilikuwa na Toyota IST nyeusi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini niliifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikijiona mtu nadhifu kuliko majirani wote. Baada ya miezi michache nilisimama usiku chini ya taa kali za kituo cha mafuta, nikaona boneti nzima imejaa mistari ya mviringo kama utando wa buibui uliozunguka mwanga wa kila taa. Hakuna mtu aliyeligonga gari lile wala kulichora kwa msumari. Ni kitambaa changu kikavu na vumbi la asubuhi vilivyofanya kazi hiyo, siku baada ya siku.

Kwa hiyo sababu ya kuwa na vifaa vyako si kukwepa malipo ya kuoshewa tu. Unaweza hata kumkabidhi kijana unayemwamini ndoo zako, shampuu yako na vitambaa vyako ili aoshe kwa hivyo, na malipo yake yakabaki palepale.

Nikiwa na fedha kidogo sana, nianze na nini?

Anza na vitu vinavyogusa rangi. Unahitaji ndoo mbili za lita 15 au 20, chupa moja ya shampuu ya gari, glavu moja ya kuoshea yenye manyoya ya maikrofaiba (nyuzi nyembamba sana za kiwandani), taulo moja kubwa la kukaushia, na vitambaa vidogo vya maikrofaiba visivyopungua sita. Ukibakiwa na fedha, ongeza kopo moja la waksi, yaani nta ya kulinda rangi, pamoja na kisponji chake cha kupakia. Brashi ya zamani ya kufulia inatosha kwa matairi, na ndoo huenda tayari unazo nyumbani, mradi tu usichukue ile iliyokuwa ya saruji au mchanga.

Watu wengi hufanya kinyume: hununua polishi ya bei kubwa kwa sababu kopo lake linapendeza, kisha wanaipaka kwa fulana iliyochanika. Kama bajeti yako haitoshi kwa vyote, nusu yake iende kwenye glavu, taulo na vitambaa. Polishi inaweza kusubiri hata mwaka mzima bila gari kupata madhara yoyote.

Kwa nini ndoo mbili badala ya moja?

Ndoo ya kwanza ina maji ya shampuu na ya pili ina maji matupu ya kusuuzia glavu. Kila ukimaliza sehemu moja ya gari, unachovya glavu kwanza katika maji matupu, unaikamua huko, kisha ndipo unarudi kwenye shampuu. Ukimaliza mlango wa pili tu, tazama chini ya ndoo ya kusuuzia utaona mchanga umetulia kama vile chini ya mtungi. Mchanga huo, kwa mwenye ndoo moja, ungekuwa unarudi kwenye rangi kila anapochovya.

Sabuni ya unga au ya kuoshea vyombo ina ubaya gani? Mbona inatoa povu zuri?

Povu si kipimo. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi ndani yake na imetengenezwa kung'oa mafuta na jasho katika nguo, kwa hiyo huondoa waksi yote uliyopaka na kuifanya mipira ya milango na plastiki nyeusi ipauke upesi. Isitoshe, chembe ambazo hazijayeyuka zinaweza kukwaruza zenyewe. Sabuni ya maji ya vyombo ni pole zaidi, lakini nayo huvua waksi. Ninaitumia kwa kukusudia mara moja tu: pale ninapotaka kuondoa waksi kuukuu kabla ya kupaka mpya.

Shampuu ya gari huonekana ghali ukilinganisha chupa kwa chupa, lakini nyingi huchanganywa vifuniko viwili au vitatu tu kwa ndoo nzima, hivyo chupa ya lita moja humfikisha mtu anayeosha kila wiki miezi kadhaa. Fuata kipimo kilichoandikwa. Shampuu ya kupimiwa katika chupa za maji ya kunywa inaweza kuwa nzuri au mbaya, na kwa kuwa haina maelezo yoyote, huna namna ya kujua kama si sabuni ya vyombo iliyotiwa rangi.

Nitatambuaje kitambaa kizuri cha maikrofaiba? Je, kanga kuukuu au taulo la mtumba havifai?

Maikrofaiba nzuri kwa kawaida huwa na mchanganyiko wa poliesta asilimia 80 na poliamidi asilimia 20, au 70 kwa 30, na uzito wa gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba kwa kazi za kufutia. Taulo la kukaushia huwa zito zaidi. Kama lebo haipo, tumia vidole. Pitisha kiganja kikavu juu ya kitambaa: kile kizuri hunata kidogo kwenye ngozi na manyoya yake hulala na kuinuka. Kisha kagua pindo. Pindo lililoshonwa kwa uzi mgumu wa nailoni linaweza kukwaruza, na lebo yenyewe ikatwe kabla ya matumizi ya kwanza.

Kanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini sana mkononi, na ndiyo maana watu huipenda kwa kazi hii. Udhaifu wake ni kwamba imefumwa bapa, haina manyoya, kwa hiyo chembe ya mchanga haina pa kujificha. Inabaki kati ya kitambaa na rangi na kuburutwa. Manyoya ya maikrofaiba huimeza chembe hiyo na kuiweka mbali na uso wa gari. Kanga itumie kwa vioo vya ndani na dashibodi, ambako inafanya kazi vizuri kabisa. Taulo la mtumba lifae kwa kingo za milango, rimu na sehemu ya chini ya gari.

Maji ya kwetu ni ya kisima na yana chumvi. Je, yanaharibu rangi?

Maji yenyewe hayaharibu yakiwa bado yanatiririka. Yanaharibu yanapokaukia juu ya rangi yenye joto, kwa sababu maji huondoka na kuacha madini, hasa ya kalisi, katika alama nyeupe za mviringo. Alama hizo zikiachwa juani wiki baada ya wiki huingia katika rangi na haziondoki tena kwa kuosha.

Osha asubuhi na mapema au jioni, kivulini, boneti ikiwa imepoa, na usisuuze gari zima kisha ukaenda kunywa chai. Kausha mara moja. Kama una pipa, kinga maji ya mvua wakati wa masika; maji hayo hayana madini ya kisima, na ndoo moja tu ya kusuuzia mwisho inatosha kuleta tofauti. Alama zikishajitokeza, changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa, kiweke juu ya alama kwa dakika moja au mbili, kisha suuza vizuri.

Sina mpira wa maji wala mashine ya presha. Nitasuuzaje?

Nunua bomba la kupulizia dawa za shambani, lile la kubeba mgongoni la lita 16, au dogo la lita 5 la kupampu kwa mkono. Linapatikana katika duka lolote la pembejeo za kilimo, na kwa maoni yangu ndicho kifaa bora kuliko vyote kwa mtu anayeishi katika nyumba ya kupanga na kununua maji kwa madumu. Maji yake hutoka kama manyunyu yenye nguvu ya kutosha kuondoa vumbi, na lita 16 zinaweza kutosha kuloweshea na kusuuzia gari dogo. Sharti ni moja: liwe jipya. Bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu lisikaribie gari wala mikono yako.

Nioshe kwa utaratibu gani?

Anza na matairi na rimu, kwa brashi na maji yake ya pembeni, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma na ndilo chafu kuliko yote. Vifaa vya huko visipande juu kamwe.

Baada ya hapo nyunyizia gari zima maji matupu, kutoka juu kwenda chini, na ulipe vumbi nafasi ya kuanguka lenyewe. Hapa ndipo haraka inapoponza. Kama gari limetoka safari ya barabara ya vumbi, rudia kunyunyizia mara mbili, kwa kuwa kila chembe inayoondoka kwa maji ni chembe ambayo glavu haitaiburuta. Kisha chovya glavu katika shampuu na uanze na paa, vioo, boneti, sehemu ya juu ya milango, na mwisho bampa na sehemu za chini zilizo nyuma ya matairi. Sogeza mkono kwa mistari iliyonyooka na usiukandamize. Uzito wa glavu iliyoloa unatosha.

Glavu ikianguka chini, usiipangusie suruali na kuendelea. Iache, chukua kitambaa kingine.

Wakati wa kukausha, tandaza taulo juu ya boneti kama unavyotandika shuka, lishike kwa pembe mbili na ulivute polepole kuelekea kwako. Maji yote huondoka kwa mvuto mmoja au miwili na hakuna msuguano wa kusugua mbele na nyuma.

Kompaundi, polishi na waksi vina tofauti gani?

Madukani majina haya huchanganywa, na wakati mwingine kopo moja huandikwa zaidi ya jina moja. Kwa ufupi, kompaundi na polishi hupunguza rangi; waksi huifunika.

Magari mengi ya kisasa yana rangi yenye tabaka la juu linalong'aa lisilo na rangi, ambalo mafundi hulitaja kama klia. Tabaka hilo kwa kawaida halizidi sana mikroni 50, ilhali unywele wa mtu una takriban mikroni 70. Kompaundi ina chembe za kukwangua zenye nguvu, polishi ina chembe laini zaidi, na zote mbili hufuta mkwaruzo kwa kushusha klia ya pembeni mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Ulichokwangua hakirudi tena isipokuwa kwa kupiga rangi upya. Ndiyo maana ninamshangaa fundi anayempendekezea mteja kompaundi kila mwezi kana kwamba ni mafuta ya kupaka mwilini.

Waksi haina kazi ya kukwangua. Waksi ya kanauba, itokanayo na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi uitwao kanauba, na zile za kutengenezwa viwandani, hukaa juu ya klia na kupokea jua, chumvi ya bahari na uchafu kabla havijafika kwenye rangi.

Baadhi ya magari ya zamani, hasa meupe, hayana klia kabisa. Paka polishi kidogo mahali pasipoonekana na usugue kwa kitambaa: kikitoka na rangi ya gari, basi klia haipo. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi, la sivyo hutaona kitu.

Je, ninaweza kupiga polishi kwa mkono, au lazima niwe na mashine?

Unaweza, ila ujue mipaka. Kwa mkono utarudisha mng'ao wa rangi iliyofifia na kupunguza mikwaruzo ya juu juu, hutaondoa yote. Mkwaruzo ambao ukucha wako unanasa ukiupitisha juu yake ni mkubwa mno kwa polishi ya aina yoyote.

Osha gari kwanza na ulikaushe. Tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na uupitishe juu ya boneti. Ukihisi vijipele kama karatasi ya msasa, kuna uchafu uliong'ang'ania, na huo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi (kwa Kiingereza "clay bar") unaoteleza juu ya maji ya shampuu. Baada ya hapo weka matone matatu ya polishi, kila moja kama punje ya njegere, kwenye sponji, na ufanye kazi katika eneo la sentimita 50 kwa 50 tu, kwanza kwa mistari ya wima, kisha ya mlalo. Futa, halafu washa tochi ya simu na uielekeze kwa pembeni uone kilichobadilika. Mara ya kwanza jaribu eneo moja tu kabla ya kugusa gari zima.

Kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango punguza nguvu, kwa sababu huko klia ni nyembamba zaidi. Kuhusu mashine, ile ya mzunguko mmoja wenye kasi inaweza kuunguza rangi kwa sekunde chache mikononi mwa asiyeizoea. Mwenye bajeti ndogo asiinunue.

Waksi inapakwaje, na inadumu muda gani?

Inapakwa nyembamba sana. Kosa la kawaida ni kupaka nene kwa kudhani kwamba ulinzi utaongezeka, kumbe inayobaki ni ileile tabaka nyembamba na iliyozidi inafutwa na kutupwa. Funika plastiki nyeusi kwa utepe wa karatasi wa wapiga rangi, maana waksi huacha madoa meupe yasiyotoka kirahisi. Subiri ikauke kuwa ukungu, pitisha kidole. Kikiacha mstari safi unaong'aa, futa.

Kwa jua la pwani, waksi ya kanauba hudumu wiki kadhaa, na zile za viwandani miezi michache. Usihesabu siku, angalia maji. Yakiwa bado yanajikusanya kuwa matone ya duara, waksi ipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha.

Nifanyeje na kinyesi cha kunguru, utomvu wa mwembe na lami?

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na nadhani kila mwenye gari Dar es Salaam ana neno lake kuhusu uamuzi huo. Kinyesi chao kina tindikali na hukwaruza kikikauka, hivyo usikikwangue. Kiloweshe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika tano, kisha kiinue badala ya kukisugua. Weka chupa ndogo ya kupulizia yenye maji na kitambaa kimoja ndani ya gari kwa kazi hiyo tu, kwa sababu chini ya jua la saa saba saa chache zinatosha kuacha alama ya kudumu.

Utomvu hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Uliogoma unahitaji spiriti kidogo, ukiijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Lami huyeyuka kwa mafuta ya kupikia au mafuta ya taa kidogo juu ya kitambaa, mbali na moto, kisha paoshwe kwa shampuu mara moja na kupakwa waksi upya.

Je, dawa ya meno inasafisha taa zilizopata umanjano?

Inasafisha kwa muda. Dawa ya meno ina chembe laini za kukwangua, lakini umanjano huo ni plastiki iliyochomwa na jua baada ya kinga yake ya juu kuisha, na dawa ya meno hairudishi kinga. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, ukifuatiwa na polishi, hutoa matokeo mazuri zaidi. Bila kupakwa kinga mpya, nayo yatafifia.

Vipi matairi na dashibodi? Nimeona watu wakitumia dizeli na kiwi ya viatu.

Dizeli na mafuta ya taa hufanya mpira uvimbe na kulegea, kwa hiyo achana navyo hata kama tairi litang'aa siku hiyo. Kiwi huchafua mikono na nguo. Mbadala wa bei nafuu ni gliserini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ingawa huvuta vumbi kiasi. Ipake ubavuni mwa tairi pekee, usiifikishe kwenye meno yake wala kwenye diski ya breki.

Dashibodi inahitaji kitambaa chenye unyevu na si kingine. Usipake kitu chenye utelezi kwenye usukani au pedali.

Na injini?

Brashi ndogo na kitambaa chenye unyevu, injini ikiwa imepoa. Usimruhusu mtu yeyote apige maji ya presha humo. Oltaneta (kifaa kinachochaji betri), fyuzi na soketi za nyaya haviyapendi maji.

Vifaa hivi vinapatikana wapi?

Kwa Dar es Salaam, maduka ya vipuri ya Kariakoo upande wa Gerezani. Kwa Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Maduka ya rangi za magari huuza kompaundi, msasa na utepe kwa vipimo vidogo, jambo linalomfaa mtu asiyehitaji kopo zima. Vitambaa vya maikrofaiba hupatikana kwa bei nzuri katika maduka ya vyombo vya nyumbani, vikiwa vimefungwa pamoja kwa ajili ya jikoni. Fungua kimoja na ukijaribu kwa kiganja kabla ya kulipa.

Vitambaa vyangu vimekuwa vigumu baada ya kufuliwa. Nimekosea wapi?

Huenda vimefuliwa pamoja na nguo za pamba, au vimewekewa dawa ya kulainishia nguo, ambayo huziba manyoya na kuyafanya yasinyonye maji. Viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo, visuuze mpaka maji yawe meupe, vikung'ute na uvianike kivulini. Pasi ya moto huyayeyusha manyoya. Tenga vya rimu na vya rangi ya gari kwa kuvikata pembe au kuchagua rangi mbili tofauti, na kile kilichogeuka kigumu moja kwa moja kishushwe daraja kikafute matairi.